Upande wa Alawi

Nazi ya kumi na tisa ilinitoka mkononi ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Bwana Mifugo. Hakuiokota. Aliitazama, akanitazama, akasubiri. Nikainama mwenyewe, kiuno kikiniuma, nikairudisha kwenye fungu lake, kisha nikaweka nyingine moja juu yake.

"Ishirini," nikasema.

"Na upande wa pili?"

"Na huko ishirini."

Watu waliokuwa wametuzunguka wakaguna. Mbele yangu, juu ya majani ya uwanja, yalikuwa mafungu mawili ya nazi zenye makumbi yake: fungu la upande wangu na fungu la upande wa Alawi. Alawi mwenyewe alikuwa amemshika punda wangu kichwani, anamkuna katikati ya masikio, kana kwamba yeye siye aliyetuhumiwa. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye nyusi, na kila nilipolifuta nilijipaka vumbi la nazi.

Ilikuwa Saba Saba ya mwaka sitini na nane, hapa hapa Bagamoyo, nami nilikuwa sijatimiza miaka thelathini. Wajukuu zangu wakisikia kwamba bibi yao aliwahi kushindana, hudhani nilikimbia, au niliimba. Hapana. Nilishindana na punda. Sikumpanda, huku kwetu punda wa kazi hapandwi kwa sifa. Nilishindana kumpakia, kumwongoza na kumfikisha.

Mume wangu, Mbaruku, alikuwa mkwezi. Asubuhi alikwea minazi ya watu, mchana alizibeba nazi kwa punda wetu, Kashata, kupeleka kwenye matanuri ya kukaushia mbata. Miezi minane kabla ya siku hiyo aliteleza kutoka juu, karibu na kuti la mwisho, akaanguka kwa ubavu. Nyonga ilivunjika. Alilazwa, akarudishwa, akalazwa kitandani kwetu, na kazi ikaja mikononi mwangu kama mtoto anavyoachwa mlangoni. Kukwea sikuweza, lakini kubeba niliweza. Asubuhi nazi, alasiri maji ya kuuza majumbani, na katikati yake mume wa kugeuzwa ubavu na watoto wawili wa kulishwa. Niliamka na uchovu wa jana nikalala na wa leo. Kashata naye alikuwa anazeeka. Akifika kwenye kilima cha kutoka ufukweni alisimama, akanigeuzia jicho, kama anayesema: nawe huchoki?

Ndipo ofisi ya wilaya ilipotangaza mashindano ya punda. Zawadi ilikuwa gari la punda, jipya, limepakwa rangi ya kijani, na magurudumu yake ni matairi ya mpira yaliyotolewa kwenye Landrova kuukuu. Bwana Mifugo, kijana mmoja jina lake Rajabu, aliliegesha mbele ya ofisi yake wiki nzima ili tulitamani. Nami nililitamani, walahi. Kila nikipita na maji nilisimama nikaligusa tairi. Punda aliyefungwa gari huvuta mara tatu ya mzigo anaoubeba mgongoni, na safari tatu zinakuwa moja. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya saa nitakazopata. Sikuzitaka kwa kitu chochote kikubwa. Nilitaka kulala.

Basi, kwa asiyejua: shogi ni mfuko mkubwa uliosukwa kwa ukili, wenye midomo miwili, unaotandazwa juu ya mgongo wa punda, mdomo mmoja kila upande. Huwezi kulijaza peke yako. Ukijaza upande mmoja kwanza, linazunguka, mzigo unaishia chini ya tumbo la punda, na punda anakimbia nao. Lazima wawe watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na kila kinachoingia huku kiingie na kule kwa wakati ule ule. Wengine huhesabu. Mimi na Mbaruku, kwa kuwa wote tulipenda vitendawili, tulikuwa na namna yetu. Mmoja anasema "Kitendawili!", nazi mbili zinaingia. Mwingine anaitika "Tega!", nazi mbili. Kinategwa, nazi mbili. Jibu, nazi mbili. Majirani walisema nyumba yetu inafungua darasa kabla ya jua.

Mbaruku alipoanguka, upande wake ulishikwa na mdogo wake, Ausi. Ausi alipakia kimya, kama anazika. Lakini alikuwa anakuja. Siku ya Saba Saba hakuja. Nilisubiri uwanjani mpaka Bwana Mifugo akapuliza filimbi ya kupakia, ndipo mtu mmoja akaniambia Ausi ameonekana juu ya lori la asubuhi, anakwenda Dar kutazama mpira.

Tulikuwa washindani watatu tu. Wengine waliojiandikisha hawakutokea, kwa sababu sharti la kwanza lilikuwa hili: mwisho wa safari shogi litavuliwa mbele ya watu wote na mgongo wa punda utakaguliwa, na mwenye kidonda hapati kitu. Wengi walizijua siri za migongo ya punda wao. Nami niliijua ya Kashata. Tangu wiki mbili nyuma alikuwa na chubuko ubavu wa kulia, dogo kama senti kumi, lililokuwa linakauka. Alfajiri ile nilimshonea mto wa usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, nikaukunja mara mbili ili unone, nikauweka juu ya chubuko chini ya shogi. Nilijiambia ni dawa. Mzigo usipomsugua, chubuko litafika kavu, nami nitasema ni kovu la zamani.

Mshindani wa pili alikuwa Bwanausi, mtu wa Lugoba, mzee kiasi, aliyekuja kwa miguu siku mbili na kipunda chenye masikio makubwa kuliko kichwa. Watu walimcheka kidogo, naye akacheka nao, wakachoka kumcheka, na kijana mmoja wa pale akamshikia upande wa pili.

Wa tatu alikuwa Alawi.

Alawi alikuwa jirani yetu, ukuta wa ua wake ndio ukuta wa ua wetu. Watu wake walikuwa wafanyabiashara wa mjini tangu zamani, lakini biashara ilikuwa imekonda, ikambakishia nyumba ya mawe inayovuja na punda mmoja mweupe wa asili ya Maskati. Punda huyo aliitwa Sultani mpaka Azimio la Arusha lilipotangazwa. Watu wa tawi la chama walipoanza kumwangalia vibaya, Alawi akambadilisha jina akamwita Ndugu. Tukawa tunasikia kutwa: "Ndugu, ondoka njiani! Ndugu, acha kula mkeka wa watu!" Hata watu wa tawi wenyewe walicheka.

Lakini mimi sikuwa nacheka naye. Mbaruku alipoanguka, mashamba mawili aliyokuwa akibebea nazi yalimchukua Alawi. Bi Somoe, muuza vitumbua wa mtaani kwetu, alisema hakungoja hata mgonjwa ageuzwe ubavu. Huenda alikwenda kuyaomba, huenda aliitwa. Sikumuuliza kamwe. Niliona rahisi zaidi kumchukia. Kuuliza kungenitaka nisimame, nami sikuwa na muda wa kusimama.

"Bi Tatu," Bwana Mifugo akaniambia, "kila mshindani na mwenzake wa kupakia. Wewe huna. Kaa pembeni."

"Anaye," sauti ikasema.

Alikuwa Alawi. Yeye na mwenzake, Rehani, walikuwa wameshamaliza kumpakia Ndugu, na filimbi ya kuondoka ilikuwa imelia. Alimwachia Rehani kamba, akaja akasimama kushoto kwa Kashata.

"Shemeji, nipe upande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu punda ana pande mbili, na wewe uko mmoja."

Nilitaka kukataa. Nikalitazama lile gari la kijani, limewekwa mwisho wa uwanja baada ya mstari wa chokaa. Nikaokota nazi. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukasema, "Kitendawili!"

"Tega!" akaitika papo hapo, na nazi yake ikaingia pamoja na yangu. Kumbe miaka yote ile alikuwa anatusikia ng'ambo ya ukuta.

"Nina mgeni nyumbani. Kila siku nampa kitanda, asubuhi naamka naye mgongoni."

"Mtoto."

"Siye."

"Kunguni!"

Watu wakaangua kicheko. "Siye."

"Basi nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua Bagamoyo yote, pamoja na mbu wake."

Nikaipokea Bagamoyo, nikampa jibu. "Uchovu."

Mara moja tu mkono wake ulichelewa. Nazi ilikaa kiganjani mwake, kisha akaitumbukiza taratibu. "Huyo," akasema, "namjua." Tukaendelea mpaka zikaisha, kisha akarudi kwa punda wake bila kungoja ahsante, nami sikumpa.

Safari yenyewe haikuwa ndefu. Tulitoka uwanjani, tukafuata barabara mpaka njia panda ya kwenda Kaole, tukageuza. Kwenda kulikuwa kuzuri. Kashata alitembea kama mwenye shughuli yake, na kaupepo ka kipupwe kalitupuliza kutoka nyuma. Alawi alikuwa mbele, mimi wa pili, Bwanausi, tuliyemkuta njiani tukampita, huko nyuma kabisa anaongea na punda wake. Nilianza kujiambia kwamba Ndugu ana kwato laini, kwamba atachoka, kwamba nitampita.

Tulipogeuza, shogi likaanza kulala. Lililalia kushoto. Kwanza kidogo, kama mtu anayesinzia, kisha zaidi. Nikaliegemeza kwa bega. Likarudi kulala. Kushoto, upande wa Alawi.

Tukaingia uwanjani hivyo, mimi nimelikumbatia shogi, na Bi Somoe akaniona.

"We Tatu!" akapaza sauti. "Mwenye kutaka gari ndiye kakupakilia mzigo, nawe ukamwachia? Una akili kweli?"

"Mwache shemejie amsaidie!" mwingine akadakia, na kicheko kikapita.

Sijui kama ni kicheko kile au miezi minane ile. Alawi alikuwa amebakisha hatua kama thelathini afike kwenye chokaa. Nikasimama katikati ya uwanja nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikuijua.

"Alawi! Umenifanyia nini? Hukutosheka na mashamba, sasa mpaka mzigo wangu?"

Angeweza kuvuka. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, nikifua, nikikuna nazi, nikingoja usingizi: hatua thelathini, gari lingekuwa lake, kisha angerudi kujitetea akiwa ameketi juu yake. Alisimama. Akamgeuza Ndugu, na mzigo wake wote, akarudi nilipokuwa.

"Sijafanya kitu, shemeji," akasema. "Lakini shusha, tuone."

Ndipo tukashusha, ndipo nikahesabu, zikawa ishirini na ishirini.

"Idadi sawa, uzito je?" Bi Somoe hakukubali kwenda nyumbani mikono mitupu. "Tazameni hizo! Za Alawi vichwa vya watu wazima, za Tatu ngumi za watoto!"

Bwana Mifugo akanyanyua moja ya huku na moja ya huku, akazipima kwa mikono, akakunja uso. Nafikiri alikuwa hajui. Alikuwa amesomea ng'ombe. Akasema, "Bi Tatu, wewe ndiye mwenye mzigo. Ukisema mzigo wako umeharibiwa na mshindani mwenzako, nitakupa mtu wangu akupakilie upya, uendelee kutoka hapa ulipo. Bwana Alawi atatoka mashindanoni. Unasemaje?"

Watu wakanigeukia. Alawi alikuwa bado amemshika Kashata kichwani.

"Sema unavyoona, shemeji," akaniambia polepole, maneno ya sisi wawili tu. "Kama upande wangu ulikosea, sikujua."

Nikaenda kulinyoosha shogi lililokuwa limebaki mgongoni mwa Kashata, tupu, na hata likiwa tupu lilikuwa limelala kushoto. Nikapitisha mkono chini yake kutafuta kilicholiinua. Vidole vyangu vikaugusa mto wa usumba.

Nilikuwa nimeukunja mara mbili. Upande wa kulia ulikuwa juu kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeuinua, alfajiri, kwa sindano yangu na uzi wangu, na chochote ambacho mtu yeyote angepakia kingeteremkia kushoto. Hata Mbaruku angekuwa upande ule, shogi lingelala. Hata malaika.

Mkono wangu ulibaki pale chini, kwenye joto la punda. Hakuna aliyeuona mto ila mimi. Nikaliangalia lile gari. Lilikuwa karibu mno. Niliweza kuona mahali rangi ilipochuruzika kwenye ubao kabla haijakauka. Neno moja tu lilitakiwa, wala si neno: kutikisa kichwa. Bwanausi alikuwa bado nje ya uwanja. Ningepakiwa upya, nikauchomoa mto taratibu, nikavuka mstari nikiwa wa kwanza. Chubuko ningesema ni kovu.

Watu waliokuwapo siku ile walinisifia ukweli wangu miaka mingi baadaye, na sikuwakatalia, maana sifa nazo ni chakula. Lakini haukuwa ukweli peke yake. Nilikuwa nimechoka. Nilimfikiria Alawi ng'ambo ya ukuta wangu, kila alfajiri, akisikia ninavyompakia punda, nami nikijua anasikia. Nikafikiri huo uongo nitaulisha nini, nitaulaza wapi. Nyumbani kwangu palikuwa pamejaa.

Nikauchomoa mto nikaunyanyua juu.

"Ni huu," nikasema. "Nimeuweka mimi. Punda wangu ana chubuko, nilikuwa naficha. Alawi hakukosea upande wake."

Bwana Mifugo akaja akanyanyua shogi, akainama, akatazama. Chubuko lilikuwa limefunguka kidogo, linang'aa. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nafikiri kwa huruma, kisha akasema kwa sauti ya ofisi, "Punda huyu hapakiwi tena leo."

Bi Somoe akajitanda kanga upya, ingawa haikuwa imelegea.

"Jamani, hodi! Nipisheni kidogo!" sauti ikatoka nyuma yetu. "Huyu wangu akisimama, hatembei tena mpaka kesho."

Tukampisha. Tulikuwa tumeziba njia yote. Bwanausi wa Lugoba akapita katikati yetu, anampigapiga punda wake begani, anatusalimu kulia na kushoto kama mtu aliyeingia msibani bila kujua aliyefariki, akavuka mstari wa chokaa. Alitembea hatua kadhaa zaidi ndipo akageuka, akauliza, "Mwisho ni wapi?"

Akavuliwa shogi. Mgongo wa kipunda chake ulikuwa laini kama kiganja. Bwana Mifugo akamshika mkono, akamwonesha gari.

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshaishika kamba ya Kashata. Lakini nikamwona Alawi anavuka uwanja kwenda kwa yule mzee, nguo yake imelowa mgongoni, akampa mkono.

"Hongera, bwana. Umetuzidi."

"Mimi sijamzidi mtu," Bwanausi akasema. "Nimepishwa." Kisha akalizunguka gari lake mara mbili, akajikuna kidevu. "Ila hiki kitu, mwanangu, kinafungwaje? Sijawahi."

Alawi akatazama huku na huku kutafuta mtu. Rehani alikuwa amekwenda kumnywesha Ndugu maji. Akaniona mimi.

"Shemeji," akaita, "njoo ushike mkono wa huko."

Gari la punda lina mikono miwili ya mti, na punda huingia katikati. Nalo halifungwi na mtu mmoja. Nikaenda. Nikaunyanyua mkono wa kulia, yeye wa kushoto, tukamrudisha nyuma kile kipunda cha watu mpaka kikaingia. Mti ulikuwa bado unanuka rangi. Nilikuwa nimelifunga gari lile mara nyingi kichwani mwangu, kwa hiyo mikono ilijua. Nikapitisha ugwe chini ya tumbo, naye akaudaka.

"Nisamehe, Alawi," nikasema, tukiwa tumeinama wote wawili na tumbo la punda katikati yetu.

"Kaza huo ugwe," akasema. "Utamlegea njiani, na Lugoba ni mbali."

Nikaukaza. Bwanausi akapanda, akaona aibu, akateremka, akaongoza punda kwa miguu na gari tupu linamfuata.

Nilifika nyumbani adhuhuri imepita. Nikamfunga Kashata kivulini uani, shogi nikalitupa hapo hapo, nikaingia. Mbaruku alikuwa macho. Alinitazama mikono, kisha hakuitazama tena.

"Nani kapata?"

"Mzee mmoja wa Lugoba."

"Na Alawi?"

Nikamweleza yote, kuanzia Ausi mpaka ugwe. Kisha akasema, "Yale mashamba, mimi ndiye niliyemwambia ayachukue. Nilipokuwa hospitali. Nilimwambia, usiyaache yakaenda kwa watu wa mbali, nikipona utanirudishia."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Na mimi niliona haya."

Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Nilimwambia asogee. Tangu aanguke nilikuwa nalala chini, kwenye mkeka, nisije nikamgusa nyonga. Akajisogeza kwa viwiko, polepole, akikunja uso, nikajilaza ukingoni mchana kweupe, na vumbi langu, na kanga yangu yenye jasho. Dari ilikuwa inazunguka.

Huko uani mlango wa nyuma ukalia. Nikasikia hatua za mtu zikitoka upande wa Alawi, kisha ndoo ikiwekwa chini, na Kashata akinywa. Kisha kitambaa kikikamuliwa, na Kashata akikoroma kidogo, kama afanyavyo akiguswa panapouma.

Mbaruku akainua kichwa. "Kuna mtu uani."

"Namsikia."

"Yuko na punda. Huendi kutazama anafanya nini?"

"Mwache," nikasema, nikageukia ukutani.